Tairi la Sita

Watu wengi hawajui kwamba gurudumu la garimoshi huvaa tairi. Hulitazama likipita wakadhani ni kipande kimoja cha chuma, kumbe ni viwili. Ndani kuna gurudumu lenyewe, la chuma cha kusubu. Nje yake kuna pete ya chuma cha pua, kigumu zaidi, na hiyo ndiyo inayokanyaga reli na kulika. Pete hiyo haifungwi kwa skrubu wala haichomelewi. Hukerezwa ikawa ndogo kuliko gurudumu kwa kiasi cha unywele, kisha hutiwa moto mpaka itanuke, ikashushwa mahali pake ingali moto. Ikipoa hujikaza, na haitoki tena ila kwa moto mwingine.

Baba alifanya kazi hiyo katika karakana ya reli Nairobi tangu ujana wake mpaka injini za mvuke zilipoondolewa. Baadaye alipewa kazi nyingine za reli ambazo hakuzipenda na ambazo hakutusimulia. Alipostaafu alirudi Nyeri, akajenga nyumba mtaa wa Skuta, akapanda sukuma wiki na viazi, na mwisho, mboga zilipomchosha, akaanza kutengeneza injini ya mvuke ndogo ya kukaa juu ya meza. Ilikuwa na tangi halisi la kuchemshia maji, silinda mbili, na magurudumu sita yenye upana wa kisahani cha chai. Magurudumu alisubiwa na fundi mmoja wa Murang'a, kutokana na vyuma vikuukuu vya mashine ya kusaga unga. Matairi alikerezewa mjini Nyeri, kutoka kwenye bomba nene lililokuwa sehemu ya trekta.

Niliporudi kukaa naye, baada ya mazishi ya Mama, injini ilikuwa karibu kwisha. Magurudumu matano yalikuwa yamevaa matairi. Aliyavisha mwenyewe msimu wa baridi uliotangulia, katika kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba. Kabla ya la sita kifua kilimshika, akalazwa, na alipotoka hospitalini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Daktari aliupa ugonjwa jina, akaeleza kwamba hautapona na kwamba utaendelea polepole. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kama kuna saa yoyote katika siku ambapo mkono utatulia. Daktari alisema ipo. Baada ya kumeza dawa, akiwa ameshiba, angepata kipindi cha utulivu asubuhi, na kipindi hicho kingekuwa kinapungua mwezi hadi mwezi. Njiani kurudi nyumbani hakuzungumzia ugonjwa. Alizungumzia tairi la sita.

"Mami," aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Hiyo moja naweka kwa mkono wangu. Ikishaingia, mtu mwingine anaweza kumaliza hizo zingine zote. Hata wewe."

"Kwa nini tusimwite fundi wa mjini aweke?"

"Fundi wa mjini ataweka. Sijasema hatajua kuweka."

Nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kazi ilibidi ingoje Julai. Katika karakana walizoea kuvisha matairi asubuhi ya baridi, gurudumu likiwa limelala nje na kunywea, ili pete ipate nafasi zaidi ya kushuka. Sidhani baridi ya Nyeri hunyweza kisahani cha chuma kwa kiasi cha kuonekana, lakini hiyo ndiyo njia aliyofundishwa. Tatizo ni kwamba Julai ileile daktari alimkataza kutoka nje. Wenyeji wa huku wanajua Julai hiyo: ukungu unaoshuka hadi kwenye nyua, mlima usioonekana kwa majuma, nguo zinazokauka kwa moshi wa jiko tu, na matangazo ya vifo vya wazee redioni. Baba alikaa dirishani na blanketi magotini, akiingoja baridi iongezeke.

Kila jioni alitembelewa na rafiki yake mmoja. Mzee huyu alitoka magharibi, akaja huku kuendesha magarimoshi ya mizigo ya Nanyuki, akaoa binti wa Karatina na hakurudi kwao tena. Kwa sababu ya mke huyo, kila mtu wa huku alikuwa shemeji yake, na Baba alikuwa shemeji namba moja. Sisi nyumbani husema Kikuyu, lakini mzee huyo akiingia tulihamia Kiswahili. Alisikia Kikuyu vizuri sana, ila alisema ukikizungumza na shemeji zako wanakupunja.

Alikuwa dereva mpaka kwenye mifupa, na dereva wa mvuke ni mtu wa mafuta. Katika mfuko wa koti lake hakukosa kitambaa kilicholowa mafuta. Alipaka bawaba za milango ya watu bila kuombwa. Lango letu halikulia tangu alipolizoea, na wanawake wa mtaa walimwita aje kuangalia cherehani zao. Chuma kikiwa kikavu mbele yake alikosa raha kama mtu aonaye mtoto asiye na sweta.

"Shemeji," alikuwa akianza, kabla hata ya kuketi, "hiyo treni yako inatoka lini? Mimi nilishapika kuku ya safari. Sasa kuku imeoza."

"Ngoja gurudumu."

"Gurudumu! Gurudumu! Nyinyi watu wa karakana, ati mkiwa na gurudumu moja mnakaa nayo kama mtu anaatamia mayai."

"Na nyinyi madereva mkipewa gurudumu mzuri mnairudisha ikiwa na kidonda. Nani alikuwa anafunga breki mpaka tairi inachomeka? Si ni wewe?"

"Kulikuwa na ng'ombe kwa reli!"

"Kila siku ng'ombe. Ng'ombe ya Naro Moru yote ilikuwa inakungoja wewe."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho, kwa kitambaa cha mafuta, na kubaki na michirizi usoni. Baba naye alicheka. Tangu Mama afe sikumsikia akicheka ila na mtu huyo. Ninataka hilo lieleweke, kwa sababu ya yaliyofuata.

Jambo jingine la kueleza ni masikio ya Baba. Makelele ya karakana yalikuwa yamemwondolea sauti nyembamba zote. Hakusikia simu, wala kengele ya kanisa, wala ndege, wala wajukuu. Sauti nzito za wanaume alizisikia sawasawa, hata akiwa amempa msemaji mgongo. Hii ilimtia shida katika kazi yake, kwani tairi lililopoa hupimwa kwa sikio. Unaligonga kwa nyundo ndogo. Lililoshika hutoa sauti nyembamba inayokawia, kama ya glasi. Lisiloshika hutoa sauti fupi, ya kopo. Baba aligonga, lakini asiposikia kitu alitazama uso wa mtu aliye karibu. Alinionyesha hivyo kwa yale matano: aligonga moja moja kwenye meza huku amenikazia macho, na akaridhika na alichokisoma usoni kwangu.

Mwaka huo hakuweza tena kwenda kibandani. Njia ya nyuma ilikuwa na utelezi na miguu yake ilianza kukokota. Kwa hiyo tulihamisha kazi kwenye kibaraza cha mbele: jiko la makaa, koleo ndefu, gogo la mkaratusi la kuwekea gurudumu. Na gurudumu lenyewe, badala ya kulazwa kibandani kwa ufunguo kama yale matano, lililazwa kizingitini, mahali pa wazi, lipigwe na baridi. Liling'arishwa ukingoni mpaka likawa jeupe.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, yule mzee alikuja kama kawaida. Hakukaa sana kwa sababu Baba alitaka kulala mapema. Nilikuwa jikoni nikichuja uji wa asubuhi. Kwa dirisha nilimwona mgeni wetu akitoka, akasimama kibarazani, akainama kizingitini kwa muda, mabega yakitikisika kidogo. Nilifikiri anafunga kamba za viatu. Kisha akaenda zake katika ukungu, na lango likafunguka na kufungwa bila mlio.

Asubuhi ilikuwa na baridi aliyoitaka Baba. Alikunywa uji, akameza dawa, akaketi na mikono yake mapajani kama mtu anayesubiri wageni wawili watulie. Mzee alikuwa ameshafika, amevaa koti lake na kofia ya sufu, akipepea jiko. Mkono wa kushoto wa Baba ulitulia kwanza. Wa kulia ulikawia, ukatulia kidogo, ukaanza tena. Niliona akihesabu hasara: kila dakika ya kungoja ilikuwa inakatwa kwenye utulivu uleule.

Ulipotulia aliinuka. Alichukua kitambaa safi akalifuta gurudumu, ambalo lilikuwa limelowa. Zamani angeliosha kwa mafuta ya taa kwanza, kisha kulikausha, hilo lilikuwa sharti: mahali tairi linapokaa pawe pakavu na pasafi, pasiwe hata na alama ya kidole. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, dakika zilikuwa zinapita, na kwenye ukungu ule kila kitu kilikuwa na unyevu. Alidhani ni umande. Akaliweka kwenye gogo.

Pete ilikuwa juu ya makaa. Alikuwa amesugua sehemu moja yake iwe kama kioo ili asome rangi. Ilianza kuwa ya majani makavu, ikawa kahawia, kisha zambarau, na rangi ya bluu ikaanza kutambaa kutoka ukingoni.

"Sasa," Baba alisema, akaishika kwa koleo.

Mkono haukutetemeka. Niliutazama mkono, si pete, kwa hiyo naweza kusema hivyo kwa uhakika. Aliinua, akazungusha, akashusha, na pete ikaingia kwa mara moja, sawasawa pande zote, ikatua kwa kishindo kidogo ambacho hata yeye alikihisi gogoni. Ilikuwa kazi ya fundi aliyekuwa ameifanya maisha yake yote, na pengine hakuna aliyoifanya vizuri zaidi.

Kisha moshi ukatoka. Ulikuwa mwembamba, wa bluu, ukitoka pembezoni kati ya pete na gurudumu, na harufu yake ilikuwa harufu ya koti la rafiki yake.

Yale matano hayakutoa moshi. Chuma kikavu hakitoi moshi. Baba aliinua uso, pua yake ikanusa mara moja, kisha akashusha koleo chini polepole. Mzee alikuwa ameacha kupepea. Nilimwona akiutazama moshi, akatazama kizingiti, na mkono wake ukaenda mfukoni na kubaki humo.

Tukangoja lipoe. Ngojangoja hiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Hakuna aliyetaka kuketi. Mtu fulani alipita barabarani akatusalimu na sisi tukamjibu vizuri sana.

Baba alichukua nyundo. Wakati huo mkono ulikuwa umeshaanza tena, kwa hiyo pigo la kwanza lilikosa na kugonga gogo. La pili lilipata. Mimi nilisikia kopo. Mzee alisikia kopo. Baba alinitazama uso, na sikujua la kufanya na uso wangu.

"Imeshika?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

Aligonga tena, akashika ukingo kwa vidole, kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo yule mzee alipozungumza. Alikuwa nyuma ya Baba, hatua chache, na alisema kwa sauti yake nzito, bila kupunguza.

"Shemeji. Ni mimi. Jana jioni niliona iko uchi kwa hiyo baridi, nikaipaka mafuta. Nilifikiri itashika kutu. Sikujua, shemeji. Haki ya Mungu, sikujua."

Baba hakugeuka. Aliendelea kuifuta nyundo. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili kilekile cha mbele ya mgeni: "Ni huu mkono. Nimeshusha vibaya. Imekwisha sasa, huu mkono."

"Shemeji, nimesema ni mafuta—"

"Sisikii vizuri leo," Baba alisema. "Hii baridi. Mami, ingiza jiko ndani, huyu mgeni hajakunywa chai."

Tulikunywa chai. Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili, na hakukuwa na utani wa kuku wala wa ng'ombe. Alipoondoka, Baba alimsindikiza mpaka langoni huku amemshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

Tairi lililolegea si msiba usio na dawa. Unalitia moto haraka linatoka, unasafisha gurudumu, unakerezewa pete nyingine, unaanza upya. Baada ya siku chache nilimweleza Baba hivyo, kana kwamba hajui. Nilisema bomba la trekta lilikuwa na kipande kilichobaki. Nilisema Julai haijaisha.

"Acha ikae," alisema.

"Lakini mkono haukukosa. Niliuona."

"Najua uliona."

"Basi kwa nini tusirudie?"

Alinijibu kwa Kikuyu chetu. Alisema kama tungerudia na tairi likashika, ingekuwa wazi kwa kila mtu kilichoharibu la kwanza. Sasa hivi, alisema, ni mkono wa mzee mgonjwa, na mkono wa mzee mgonjwa haumtii mtu haya. Rafiki yake angekuja kukaa katika chumba hiki kila jioni na injini nzima mbele yake, na kila akiitazama angekumbuka mafuta.

Nilitaka kumwambia kwamba rafiki yake anakumbuka mafuta hata sasa. Hakunipa nafasi. Aliomba blanketi.

Aliitoa injini sadaka kwa njia hiyo, ili asimpoteze mtu. Na huyo mtu naye hakubaki vilevile. Aliendelea kuja, hakukosa jioni, lakini alikuja kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Alibisha hodi. Aliuliza afya. Siku moja nilimsikia akisema, kwa ile sauti ambayo Baba anaisikia sana, "Shemeji, tuitoe. Tuiweke tena. Mimi nitalipia hiyo chuma, nitaosha hiyo gurudumu na sabuni mpaka ilie." Baba alijibu kwamba mkono ndio ulikosa, na kwamba mazungumzo ya vyuma yanamchosha siku hizi. Wakatazama dirishani, wote wawili, mahali ambapo mlima ungekuwa.

Sasa ni Julai nyingine. Kipindi cha utulivu cha asubuhi kimekwisha. Baba hashiki kikombe. Jioni rafiki yake anapokuja ndiye anayemnywesha chai, kijiko kwa kijiko, na anafanya hivyo vizuri, bila kumwaga. Injini iko juu ya meza chini ya kitambaa cha Mama, upande mmoja ukiwa umeegemezwa kwa kipande cha mbao.

Gurudumu la sita limebaki kibarazani. Sijui nani aliamua hivyo. Tunalitumia kuzuia mlango usijifunge na upepo. Mafuta yale yaliungua yote siku ile, na ukungu umefanya kazi yake: tairi limeota kutu nyekundu kuzunguka ukingo wote, na mvua ikinyesha hutoa doa sakafuni. Jana nilimtazama yule mzee akiondoka. Alifika kizingitini, akasimama, akalitazama. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni na kile kitambaa. Alisimama hivyo kwa muda, kisha akakirudisha kitambaa mfukoni, akaliruka gurudumu kwa uangalifu, na kwenda nyumbani kwake.